Lau Mwambao Ungalijitenga

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, huja kinyume. Neno la kwanza la mjukuu huyo ni "lau": lau ningalijua, lau ningalisikia, lau ningalingoja kidogo. Kwa sababu neno hili ni la majuto, walimu wengi wa historia huwaonya wanafunzi wao wasilitumie. Kazi ya historia, wao husema, ni kueleza mambo yaliyotokea, wala si kuota mambo ambayo yangaliweza kutokea. Onyo hilo ni jema, maana mtu aliyeanza kuota hakosi kuota yale ayapendayo.

Walakini neno "lau" lina faida moja ambayo haifai kudharauliwa. Watu waliotutangulia hawakujua mwisho wa safari yao kama tuujuavyo sisi. Mbele yao palikuwa na njia mbili au tatu, na kila njia ilikuwa na watu wa kuitetea. Tukiieleza njia moja iliyofuatwa na kuzinyamazia nyingine, tutadhani kwamba hapakuwa na hiari yoyote, na kwamba wale walioshindwa walikuwa wapumbavu au waovu. Basi mtu aweza kuuliza swali la "lau" bila ya kuota, ikiwa atashika masharti mawili. Sharti la kwanza, njia anayoiuliza iwe ilitakwa kweli na watu wa zama zile. Sharti la pili, abadilishe jambo moja tu, na mengine yote ayaache kama yalivyokuwa.

Swali la insha hii linatimiza sharti la kwanza. Tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilipata uhuru, na ndani ya Kenya hiyo ulikuwamo Mwambao wote: Vanga, Mombasa, Takaungu, Kilifi, Malindi na Lamu. Miaka miwili tu kabla ya siku hiyo walikuwako watu wengi waliotaka Mwambao uwe nchi mbali na bara. Je, lau ungalijitenga, ingalikuwaje? Hatuwezi kulijaribu jambo hilo kama mwanafunzi wa sayansi ajaribuvyo dawa katika chupa. Lakini iko nchi moja ya mbali, Ayalandi, iliyotawaliwa na Waingereza hao hao, na ambayo iligawanywa kweli kwa mstari mwaka 1921. Tukiyatazama yaliyowapata Waayalandi, tutaiona angalau sehemu ya njia ambayo sisi hatukuifuata.

Na tuanze na mstari wetu wenyewe. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana juu ya mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar. Katika bara zilimwachia ukanda wa maili 10 tu kutoka ufukoni. Hakuna mto wala mlima uliowaonyesha mahali pa kukata. Maili hizo zilipimwa kwa rula juu ya karatasi. Sultani, Sayyid Barghash, hakuwa na nguvu ya kukataa. Mwaka uliofuata aliwakodisha sehemu ya kaskazini ya ukanda huo wafanya biashara wa Kiingereza walioongozwa na William Mackinnon, nao mwaka 1888 wakapewa hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni haikufua dafu. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Kiingereza iliishika nchi yenyewe, na tarehe 14 Desemba mwaka huo ikafanya mkataba na Sultani Hamed bin Thuwaini.

Kwa mkataba huo Mwambao ulibaki kuwa milki ya Sultani, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa. Waingereza waliahidi kuiheshimu dini na sheria ya Kiislamu. Lakini utawala wote ulikuwa mikononi mwao, nao walimlipa Sultani pauni 17,000 kila mwaka. Katika fedha hizo pauni 11,000 zilikuwa kodi. Pauni 6,000 zilizosalia zilikuwa faida ya pauni 200,000 zilizotolewa katika hazina ya Sultani mwenyewe ili kuilipa Kampuni iondoke. Kisheria, basi, Mwingereza wa Malindi alikuwa mpangaji, ingawa alitembea kama mwenye nyumba. Hata mwaka 1920, bara ilipofanywa koloni, Mwambao haukufanywa hivyo. Ulibaki himaya, na ndiyo maana jina rasmi la nchi likawa Koloni na Himaya ya Kenya.

Jambo moja lataka kuangaliwa sana hapa. Waliotia sahihi mkataba wa 1895 walikuwa Waingereza na Sultani. Wakazi wa Mwambao hawakuulizwa, na mwaka ule ule walikuwa vitani. Liwali wa Takaungu alikuwa amefariki, na Kampuni ikamtia kitini mtu iliyempenda, ikawapita wengine wa ukoo wa Mazrui walioona kwamba haki ilikuwa yao. Vita vilianzia Takaungu na misitu ya Sokoke, vikaenea hata Gazi, ambako Sheikh Mbaruk bin Rashid alishika silaha. Askari waliletwa kutoka Bara Hindi, na mwaka 1896 Sheikh Mbaruk akavuka mpaka kuingia katika nchi iliyokuwa ya Wadachi.

Wala hawakuulizwa Mijikenda, ambao vijiji na mashamba yao yalikuwa ndani ya zile maili 10 na nje yake pia. Katika hao Wagiriama walikuwa wengi kuliko wote katika nchi ya Kilifi na Malindi. Hawakujua habari za rula ya mwaka 1886. Kaya yao kuu, Kaya Fungo, ilikuwa nyuma ya mstari, karibu na Kaloleni. Mashamba yao mapya ya mahindi yalikuwa yamevuka Mto Sabaki na kuikaribia Malindi. Kwao nchi ilikuwa moja, nao walishuka pwani kuuza nafaka na kupanda bara kwenda kufanya matambiko.

Mwaka 1912 serikali ilimpeleka Arthur Champion, afisa kijana, akae kati ya Wagiriama, akusanye kodi ya nyumba na kuwapata vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya wageni. Wagiriama walikataa. Walikuwa na chakula chao na mazao yao ya kuuza; kwa nini wamtumikie mwingine? Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, alizunguka vijijini mwaka 1913 akiwaita watu Kaya Fungo, akiwa pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola. Huko wanawake na wanaume walikula viapo kwamba hawatawatumikia Waingereza. Masimulizi ya wazee yanasema kwamba Mekatilili alikuja barazani na kuku mwenye vifaranga, akamwambia mzungu ajaribu kutwaa kifaranga kimoja. Mzungu aliponyosha mkono, kuku akamdonoa. Ndivyo itakavyokuwa, akasema Mekatilili, ukijaribu kutwaa wana wetu.

Mekatilili na Wanje walikamatwa, wakahamishwa mbali upande wa magharibi wa nchi. Mwanzoni mwa 1914 walitoroka, wakarudi kwao kwa mwendo wa mamia ya maili. Tarehe 4 Agosti 1914 Waingereza waliibomoa Kaya Fungo kwa baruti. Siku hiyo hiyo, Ulaya, Uingereza iliingia vitani na Ujerumani. Baada ya wiki mbili Wagiriama waliinuka. Watu wengi waliuawa, maelfu ya nyumba yakachomwa moto, Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000, wakatakiwa kutoa vijana 1,000 wa kuchukua mizigo ya vita, na wale wa ng'ambo ya Sabaki wakafukuzwa katika mashamba yao. Walikuja kuruhusiwa kurudi huko vita vilipokwisha.

Hapa ndipo mahali pa kuitazama Ayalandi, maana katika majuma hayo hayo ya 1914 jambo la watu wake nalo lilifika njia panda. Ayalandi ni kisiwa kilicho magharibi mwa Uingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1801 bunge lake lilikuwa limefutwa, na nchi ikatawaliwa kutoka London. Wenye mashamba makubwa wengi walikuwa wazao wa walowezi wa Kiprotestanti. Walimaji wengi walikuwa Wakatoliki wasio na hati ya ardhi waliyoilima. Viazi vilipooza mfululizo kuanzia 1845, watu kiasi cha milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi wakahama, huku vyakula vingine vikiendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Njaa hiyo haikusahauliwa.

Hata hivyo, kwa muda mrefu Waayalandi wengi hawakudai kujitenga kabisa. Walichotaka ni bunge lao la mambo ya ndani, huku mfalme akibaki yule yule. Muswada wa kuwapa haki hiyo ulikataliwa mwaka 1886, ukakataliwa tena mwaka 1893. Wa tatu ukawa sheria tarehe 18 Septemba 1914. Lakini siku ile ile uliposainiwa uliwekwa kando mpaka vita viishe. Sababu haikuwa vita peke yake. Waprotestanti wa jimbo la Ulster, kaskazini, walikuwa wameapa kutotawaliwa na bunge la Wakatoliki walio wengi, na walikuwa wamekwisha kuingiza bunduki kwa siri.

Ahadi iliyowekwa kando huoza kama viazi vile. Siku ya Jumatatu ya Pasaka ya 1916 kundi dogo la watu lilishika majumba ya Dublin, likatangaza jamhuri. Watu wengi wa mji hawakuliunga mkono. Lakini Waingereza waliwaua viongozi 16, wengi wao wakipigwa risasi asubuhi kwa asubuhi katika mwezi wa Mei, na huruma ya nchi ikageuka. Katika uchaguzi wa 1918 chama cha Sinn Féin, kilichodai uhuru kamili, kilipata viti 73 kati ya 105 vya Ayalandi. Vita vya kuvizia vikafuata, 1919 hadi 1921. Mwisho wake ulikuwa mgawanyo: wilaya 26 zikawa dola lenye serikali yake, na wilaya 6 za kaskazini zikabaki chini ya Uingereza.

Mstari wa Ayalandi ulipochorwa, wilaya hizo sita zilichaguliwa ili Waprotestanti wawe wengi. Lakini hakuna mstari uwezao kuwatenga watu waliochanganyika. Theluthi moja hivi ya watu wa Ayalandi ya Kaskazini walikuwa Wakatoliki, na katika wilaya mbili kati ya zile sita, Tyrone na Fermanagh, Wakatoliki ndio waliokuwa wengi. Kwa miaka 50 chama kimoja kilitawala, na Wakatoliki wakalalamika kwamba walinyimwa nyumba, kazi na kura yenye thamani sawa. Mwaka 1968 waliandamana kudai haki. Mwaka 1969 askari wa Kiingereza waliingia mitaani. Na hadi mapatano ya tarehe 10 Aprili 1998, zaidi ya watu 3,500 walikuwa wamekufa. Waliochora mstari walidhani wanamaliza ugomvi. Waliuhamisha tu, wakautia ndani ya nyumba ndogo zaidi.

Sasa turudi kwetu. Ilipodhihirika, kuanzia mwaka 1960, kwamba Kenya itakuwa huru upesi, swali la kale la maili 10 liliamka. Waarabu na Waswahili wengi wa miji ya pwani walikumbuka kwamba nchi yao haikuwa koloni kamwe. Walisema: ikiwa Mwingereza mpangaji anaondoka, ufunguo aurudishe kwa mwenyewe, asimpe jirani. Vyama vilianzishwa, na viongozi kama Sheikh Abdilahi Nassir walidai Mwambao uwe na serikali yake. Miongoni mwa wafuasi wao wako waliotaka kurudi chini ya Sultani, na wako waliotaka nchi huru kabisa. Hofu yao haikuwa ya bure. Waliona kwamba katika Kenya watakuwa wachache, na waliogopa juu ya dini, makadhi, shule na ardhi yao. Tena waliona mapato ya bandari na reli yakipanda bara bila ya kushuka tena.

Kinyume chao walisimama Waafrika wengi wa pwani, na mkubwa wao alikuwa Ronald Ngala, Mgiriama wa Kilifi, kiongozi wa chama cha KADU. Ngala naye aliogopa kwamba makabila madogo yatamezwa na makubwa, na kwa hiyo alidai serikali ya majimbo. Lakini hakutaka kujitenga. Alitaka Pwani nzima, ufuko na bara yake, iwe jimbo moja ndani ya Kenya. Mijikenda waliomsikiliza walikuwa na kumbukumbu zao. Malindi ya karne ya 19 ilisifiwa kwa mashamba ya nafaka, lakini mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika Mwambao ila mwaka 1907. Bendera nyekundu iliyomkumbusha mmoja heshima yake ilimkumbusha mwingine mnyororo.

Mwaka 1961 serikali za Uingereza na Zanzibar zilimtuma Sir James Robertson, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Nigeria, aje kusikiliza maoni. Mwishoni mwa mwaka huo alishauri kwamba Mwambao uunganishwe na Kenya, na kwamba haki za Waislamu zilindwe. Jambo hilo lilijadiliwa London mwaka 1962. Tarehe 5 Oktoba 1963 Jomo Kenyatta, Waziri Mkuu wa Kenya, na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua za mapatano. Kenya iliahidi uhuru wa dini, mahakama za makadhi, mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na maafisa Waislamu, kadiri iwezekanavyo, katika sehemu zenye Waislamu wengi. Iliahidi pia kwamba hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa. Kwa masharti hayo Sultani aliacha haki yake.

Hiyo ndiyo njia iliyofuatwa. Na tulitimize sasa sharti la pili, tubadilishe jambo moja tu: tuseme Robertson angalishauri kinyume, na Mwambao ungalipata uhuru wake mwezi wa Desemba 1963.

Swali la kwanza lingalikuwa la mpaka. Forodha ingaliwekwa maili 10 kutoka baharini, katika njia ya kutoka Kilifi kwenda Kaloleni. Mama wa Kigiriama aendaye kuuza nazi au mahindi angalivuka kutoka dola moja hadi nyingine ndani ya mwendo wa asubuhi moja. Mzee aishiye karibu na Malindi angalihitaji cheti cha kwenda kutambika katika kaya ya babu zake. Tena ndani ya nchi hiyo mpya, Waafrika ambao hawakuitaka wangalikuwa wengi kuliko wale walioidai. Hapa tofauti yetu na Ayalandi ni kubwa, na si tofauti ya kutufariji. Katika Ulster waliotaka mstari walikuwa theluthi mbili. Katika Mwambao wangalikuwa wachache. Serikali yao ingalikuwa na njia mbili tu: kuwapa wote kura sawa na kushindwa katika uchaguzi, au kuwanyima na kuitawala nchi kwa nguvu.

Swali la pili lingalikuwa la bandari. Reli ya Uganda ilianzia Mombasa, na bidhaa za Kenya na Uganda zilipita hapo. Nchi mbili zisizo na bandari nyingine kubwa karibu zisingaliacha mlango wao mikononi mwa mtu wa tatu kwa moyo mweupe. Waingereza walipowaachia Waayalandi nchi yao mwaka 1921, walishikilia bandari tatu kwa ajili ya manowari zao, wala hawakuzirudisha ila mwaka 1938. Yamkini Mombasa nayo ingalikuwa kisiwa chenye askari wa kigeni.

Swali la tatu lingalikuwa la Zanzibar. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na baada ya siku 33, tarehe 12 Januari 1964, mapinduzi yaliung'oa utawala wa Sultani, na damu nyingi ikamwagika. Mwambao uliorudi chini ya Sultani ungalibaki bila ya kichwa kabla haujajua kutembea. Je, moto ungalivuka bahari? Hakuna awezaye kusema kwa yakini. Lakini mchanganyiko ulikuwa ule ule: wachache wenye hati za ardhi, wengi walioilima bila ya hati, na bendera moja iliyokuwa na maana mbili.

Kwa hiyo insha hii inaona kwamba waliokataa kujitenga walikuwa na haki. Mstari wa maili 10 ungaliwakata Mijikenda vipande viwili, wala usingaliwapa salama wale walioutaka. Lakini hesabu haijakwisha. Mwanafunzi akiishia hapo atakuwa amewatendea nusu ya haki wale walioshindwa, maana iko "lau" ya pili, na hiyo yatuhusu zaidi. Je, lau ahadi zilizotolewa badala ya kujitenga zingalitimizwa zote?

Katika Ayalandi ilionekana kwamba watu waliodai sehemu, wakanyimwa sehemu hiyo, walikuja kudai yote. Kwetu, mwezi wa Mei 1963 Ngala alishindwa katika uchaguzi wa Kenya nzima, lakini Jimbo la Pwani likaanza kazi, naye akawa rais wa baraza lake. Halikuishi. Mwezi wa Novemba 1964 KADU ilijivunja, na Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964 madaraka ya majimbo yalikuwa yamekwisha. Mambo ya Kilifi na Malindi yakaamuliwa Nairobi kwa karibu miaka 50. Makadhi walibaki, na dini ikawa huru, hayo yalitimizwa. Lakini ardhi haikupata dawa.

Msomaji na atazame sana jambo la ardhi, kwa kuwa ndilo lenye uchungu zaidi. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa Mwambao wapeleke madai yao yaandikwe. Wenye maandishi na mashahidi walipata hati. Ardhi isiyoandikishwa ikawa ya Serikali. Mijikenda wengi, waliolima kwa desturi ya ukoo na si kwa karatasi, walibaki mikono mitupu. Sasa barua za 1963 zikaahidi kwamba hati zilizoandikwa zitaheshimiwa. Kwa mwenye hati ahadi hiyo ilikuwa ngao. Kwa mlimaji aliyezaliwa juu ya shamba hilo, na baba yake kabla yake, ilikuwa kufuli. Akaitwa skwota katika nchi aliyoijua mti kwa mti, akaweza kufukuzwa na mtu ambaye labda hakupata kuliona shamba hilo. Hivyo hofu ya mmoja iliondolewa kwa kuendeleza dhiki ya mwingine, na wote wawili hawakuulizwa pamoja.

Si ajabu, basi, kwamba neno la kujitenga lilirudi. Kundi la Mombasa Republican Council lilieneza usemi wa "Pwani si Kenya", likitaja mikataba ya 1895 na 1963. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010; Mahakama Kuu ya Mombasa ikaiondoa marufuku hiyo mwezi wa Julai 2012. Wengi waliousikia usemi huo walikuwa vijana wa Mijikenda, wajukuu wa watu ambao mwaka 1961 walikataa kujitenga. Mwenye kutaka kuelewa jambo hilo asiulize kwanza juu ya Sultani. Aulize juu ya hati, shule na kazi.

Katiba ya mwaka 2010 ilirudisha sehemu ya yale aliyoyadai Ngala. Mahakama za makadhi zimeandikwa ndani yake, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 Kaunti ya Kilifi ina gavana wake na baraza lake la kutunga sheria. Kaunti hiyo imeenea kutoka fukwe za Malindi na Takaungu mpaka Kaloleni na Ganze. Ufuko na bara viko pamoja, na Kaya Fungo imo ndani yake. Si dawa ya kila kitu, na kesi za maskwota bado zinasikizwa. Lakini ni jaribio la kutimiza ahadi iliyochelewa.

Malindi, juu ya mwamba kandokando ya bahari, iko nguzo ya Wareno inayoitwa kwa jina la Vasco da Gama, aliyefika hapo mwaka 1498. Wageni huja kuipiga picha. Ule mstari wa maili 10 hauna nguzo wala ukuta. Mwanafunzi aendaye kutoka Kilifi hadi Kaloleni kwa gari huuvuka bila ya kujua, kati ya minazi na mihogo. Hiyo ni neema tuliyopewa na wale waliokataa kuuchora. Lakini atakapomwona njiani mzee alimaye shamba ambalo hana karatasi yake, na akumbuke kwamba kukataa mstari ilikuwa nusu ya kazi tu, na kwamba mwaka 1963 nusu ya pili iliahidiwa kwa maandishi kwa baadhi ya watu, na kwa wengine haikuandikwa kabisa.